Aliyetibiwa kwa Niaba ya Wenzake

Ipo nchi iitwayo Shangwe. Ukiitafuta kwenye ramani hutaiona, kwa sababu ramani yake mpya iko mezani kwa waziri ikisubiri sahihi, na waziri yuko safarini. Ni nchi njema, watu wake wapole, na hakuna nchi nyingine chini ya jua inayowapenda mashujaa wake wa vita kuliko hiyo. Kila mwaka, ikifika Siku ya Mashujaa, bendera hupandishwa, mizinga hupigwa, na kila askari mstaafu aliye hai hupewa soda ya baridi. Wenye kisukari hupewa maji, maana serikali ya huko ni sikivu.

Jambo moja ulijue mapema, ndugu msomaji, usije ukashangaa mbele ya safari. Katika Shangwe hakuna mkubwa anayefika mahali yeye mwenyewe. Rais akialikwa humtuma makamu, makamu humtuma waziri, waziri humtuma naibu, na naibu akipata udhuru humtuma dereva. Dereva hupanda jukwaani na kusoma hotuba inayoanza, "Mimi kama Rais wenu." Watu hupiga makofi, humlilia dereva shida zao, naye hujibu kwamba amezisikia na atazifanyia kazi. Mambo yalikwenda hivyo miaka nenda miaka rudi, hadi wananchi nao wakazoea. Mtu akialikwa harusini alimtuma shemeji yake, shemeji akala pilau kwa niaba yake, na jioni akaja kumweleza jinsi alivyoshiba.

Katika kijiji kimoja cha nchi hiyo, kiitwacho Mavumbini, waliishi Koplo mstaafu Gervas Machunde na Praiveti mstaafu Damasi Lugome. Walikuwa wamepigana pamoja katika Vita vya Kilima. Shangwe ilikipigania kilima kile kwa udi na uvumba, ikakipata, kisha ikakisahau, na siku hizi mbuzi wa nchi zote mbili hula majani pale bila pasipoti. Machunde alirudi mzima wa afya, hata mbu hakumwachia alama. Lugome alirudi na kipande cha chuma chini ya goti la kushoto. Watu wote walistaafu, lakini chuma kile kilikataa kustaafu, na kila masika kilimkumbusha Lugome kwamba bado kiko kazini.

Basi serikali ikatangaza redioni kwamba askari wote waliopigana watatibiwa bure katika Hospitali Kuu ya Mashujaa. Jengo lilikuwa refu na la kupendeza. Ofisi ya kuandikisha majeruhi iliwekwa ghorofa ya juu kabisa, ili majeruhi wapate kufurahia mandhari ya mji. Lifti ilikuwapo, nzuri, inang'aa, na mlangoni pake palibandikwa tangazo: "Lifti hii ni ya Mgeni Rasmi." Mgeni Rasmi alikuwa hajawahi kufika, kwa hiyo lifti ilikuwa mpya kabisa.

Machunde na Lugome walifika asubuhi. Chini ya ngazi palikuwa pamejaa wazee wenye magongo, wenye jicho moja, na wasio na miguu, wote wameinua shingo wakitazama juu. Lugome alijaribu ngazi chache, akakaa chini huku jasho likimtiririka.

"Afande," alisema, "panda wewe ukaniandikishe. Mimi mguu umegoma." Vita vilikuwa vimekwisha zamani, lakini Lugome hakuacha kumwita mwenzake Afande, nusu kwa heshima na nusu kwa utani.

"Usijali, bwana. Nitasema kila kitu," alijibu Machunde, akapanda.

Juu alikutana na Mheshimiwa Dokta Dokta Kilongozi, Mkurugenzi wa Fadhila kwa Mashujaa. Udokta wa kwanza aliupata kwa kusoma mambo ya posta. Wa pili alitunukiwa na chuo kikuu baada ya kukubali kumaliza hotuba yake. Alikuwa amekaa peke yake siku nyingi akisubiri shujaa atokee, na alikwisha kuandika taarifa kwamba mashujaa wa nchi hii hawana shida ya kiafya, ndiyo maana hawaji.

"Wewe ndiye mgonjwa?" aliuliza.

"Hapana, mheshimiwa. Nimekuja kwa niaba ya mwenzangu."

Dokta Dokta alisimama. Uso wake uling'aa. "Hebu rudia."

"Nimekuja kwa niaba ya mwenzangu, yuko chini pale, mguu unamsumbua."

"Kwa niaba!" Mkurugenzi alizunguka meza na kumshika mikono yote miwili. "Ndugu yangu, wewe ni jibu la maombi yangu. Sikiliza. Hospitali hii ina kitanda kimoja. Vingine vimepelekwa kwenye maonesho ya sekta ya afya, na huko vinafanya vizuri sana. Nimekesha nikijiuliza, kitanda kimoja na mashujaa maelfu, itakuwaje? Sasa Mungu amenifunulia. Nchi changa haiwezi kumtibu kila mtu. Lakini inaweza kumtibu mtu mmoja, vizuri kabisa, kwa niaba ya wote!"

Alifungua mlango wa pembeni. Machunde akakiona kitanda. Shuka zilikuwa nyeupe, feni ilikuwa inazunguka taratibu, na juu ya meza ndogo palikuwa na nusu kuku aliyekaangwa kwa majaribio ya jiko.

"Huyo mwenzako," alisema Mkurugenzi, "anaweza kupanda huku?"

Machunde alijua jibu. Jibu lilikuwa kwamba Lugome ni mwepesi, na kwamba yeye Machunde, aliyekuwa mzima wa mgongo na miguu, angeweza kumbeba wakafika juu wakicheka. Aliyatazama mashuka. Alimtazama kuku.

"Hawezi, mheshimiwa," alisema.

Aliposhuka, Lugome alimpokea kwa macho yaliyojaa matumaini. Machunde alimwambia, "Wametukubali. Sote wawili. Wewe utatibiwa kupitia kwangu." Lugome alimkumbatia kwa nguvu, akawatangazia wazee wengine habari njema, nao wakaimba wimbo wa kikosi. Machunde aliimba pamoja nao, lakini sauti haikutoka sawasawa, akasingizia vumbi.

*

Kuanzia hapo mambo ya matibabu katika Shangwe yakawa rahisi ajabu. Askari mstaafu akiugua popote nchini, taarifa ilipelekwa Hospitali Kuu, na Machunde alitibiwa. Mzee mmoja wa kaskazini akapata mtoto wa jicho, Machunde akavishwa miwani. Mwingine wa kusini akavunjika mkono, Machunde akafungwa plasta ngumu na kulishwa kwa kijiko. Alisuguliwa mgongo, alisafishwa masikio, aling'olewa meno yake mazuri akawekewa mengine mazuri zaidi. Na kila alipotibiwa, mgonjwa mwenyewe huko aliko alipelekewa ujumbe kwenye simu: "Shujaa wetu, leo umewekewa meno mapya. Tafuna kwa uzalendo."

Utaratibu ulisifiwa hata nje ya mipaka. Foleni zilikwisha. Malalamiko nayo yalipungua, hasa baada ya mzee mmoja aliyeendelea kulalamikia kiuno chake, kiuno ambacho kilikwisha kutibiwa, kuitwa kwa mkuu wa wilaya na kuonywa aache kuugua bila kibali.

Machunde alinenepa. Mashavu yakatuna na shingo ikaingia mabegani. Kila mwisho wa juma aliruhusiwa kurudi nyumbani Mavumbini, na kila mara alipitia kwa Lugome na kifuko cha machungwa ya hospitali. Alijiambia kwamba machungwa yale ni kugawana. Alijiambia hivyo njia nzima, na akikaribia mlango wa Lugome alianza kutembea polepole.

"Afande! Karibu, karibu!" Lugome alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, mguu umefungwa kwa khanga kuukuu ya mkewe, Mama Edita. "Mguu wangu unaendeleaje huko?"

Ndivyo alivyouliza siku zote, bila kejeli hata chembe. Lugome alikuwa askari wa kweli. Aliambiwa anatibiwa, akaamini kwamba anatibiwa.

"Unaendelea vizuri," Machunde alijibu.

"Jana mchana walikuchoma sindano, sivyo? Nilijua! Nilisikia ubaridi unapita hapa, chini ya goti. Nikamwambia Mama Edita, huyo Afande anachomwa sindano sasa hivi."

Jana mchana Machunde alikuwa akipigwa picha ya kalenda. Aliukodolea macho uso ule uliokonda na kufurahi.

"Ndiyo," alisema. "Jana mchana."

Uongo ule ulimtuliza Lugome, naye Machunde ukampa nafuu ya kufika hadi barabarani. Hapo ndipo nafsi ilipoanza kumsuta, ikamsuta hadi kwake, na mkewe Skola alipomwandalia chakula hakuweza kula. Kesho yake hospitalini alikula kuku mzima.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini wahenga hawakutuambia inakuwaje mtu akishiba kwa mzigo huo.

*

Masika yalipoingia, mguu wa Lugome uliharibika. Ulivimba, ukabadilika rangi, na harufu yake ikawa inakupokea uani kabla hujapiga hodi. Ng'ambo ya bonde palikuwa na hospitali ndogo ya masista, yenye vitanda vya mbao na daktari mmoja mtawa asiye na maneno mengi. Mtawa yule alivuka bonde akaja kuutazama mguu. Akasema ni donda ndugu, na kwamba wamlete upesi aukate chini ya goti, la sivyo atakufa. Ila akiletwa sasa ataishi.

Lugome alikataa katakata.

"Mguu wangu unatibiwa Hospitali Kuu," alisema. "Mguu mmoja utibiwe hospitali mbili? Huo ni wizi wa mali ya umma, Sista. Mimi niliapa kwa bendera."

Juma lile Machunde alipofika na machungwa, Mama Edita, mke wa Lugome, alimzuia jikoni nje. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, ambaye hajawahi kumlaumu Machunde kwa neno lolote. Alikuwa akisonga ugali, akauacha mwiko umesimama ndani ya sufuria.

"Shemeji, nakuomba. Mimi hanisikii, Sista hamsikii, padri hamsikii. Wewe ukimwambia leo jua limechomoza magharibi, atageuza kiti aelekee huko. Ingia umwambie hakuna dawa inayotoka kwako ikaingia kwake. Neno moja tu, shemeji. Punda nimeshaazima, yuko nyuma ya nyumba. Akikubali namvusha bonde sasa hivi."

"Nitamwambia," alisema Machunde.

"Niapie."

"Haki ya Mungu, Mama Edita, nitamwambia."

Akaingia. Lugome alikuwa na homa, macho yanang'aa, lakini alipomwona Afande wake alijaribu kukaa na kupiga saluti. Machunde akavuta kigoda. Neno alilokuwa amekuja nalo lilikuwa fupi. Shida ni kwamba neno lile lilikuwa limefungwa kamba na neno jingine, na lile jingine na jingine, hadi chini ya zile ngazi. Akisema hakuna dawa inayopita kati yao, Lugome atauliza, basi siku ile ulinidanganya? Na akijibu ndiyo, atauliza, kwa nini hukunibeba? Machunde aliyaona maswali yale yamejipanga mlangoni yakisubiri kuingia. Aliangalia dari, akaangalia machungwa.

"Mguu wangu ukoje, Afande?" Lugome aliuliza.

"Wanaushughulikia," alisema Machunde.

Alipotoka nje hakumtazama Mama Edita. Alisema tu, "Amekataa, shemeji, ni mbishi yule," akaenda zake haraka, na nyuma yake akamsikia punda akifunguliwa kamba na kurudishwa kwa mwenyewe. Aliona aibu kiasi kwamba masikio yalimwaka moto, lakini hakugeuka.

*

Sasa, taarifa ya mguu wa Lugome ilikuwa imefika Hospitali Kuu kwa njia za kiserikali, na Hospitali Kuu ilifurahi mno. Ulikuwa upasuaji mkubwa wa kwanza katika historia yake. Dokta Dokta Kilongozi alialika waandishi, akaagiza mapazia mapya ya chumba cha upasuaji, na akamwalika Waziri, ambaye aliahidi kuwakilishwa.

Machunde alikuwa kitandani anakula ndizi pale daktari wa upasuaji alipoingia, akafunua shuka, akamchora mstari wa wino chini ya goti la kushoto.

"Daktari, unafanya nini?"

"Hapa ndipo tutakapokata kesho."

"Lakini mguu wangu ni mzima!"

"Tunajua," alisema daktari. "Ndiyo maana tunatarajia upasuaji uwe rahisi."

Ndizi ilimkwama Machunde kooni. Alilia, akaapa, akamtaja mama yake mzazi. Daktari yule hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka. Alifunga mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, kanuni zinakupa njia mbili. Ya kwanza, sema mbele ya bodi: namkabidhi mwenzangu kitanda. Ukisema hivyo gari litaondoka muda huohuo kwenda kumchukua, na nitamkata yeye, na atapona. Lakini wewe utaulizwa kwa nini ulikilalia kitanda wakati huumwi. Njia ya pili, sema mgonjwa amepona. Wewe ndiye unayesema kwa niaba yake. Bodi itakubali, maana bodi inapenda kusikia hivyo."

"Na yeye je, nikisema amepona?"

"Atakuwa amepona kwa mujibu wa kanuni," alisema daktari, akatoka.

Siku ya pili bodi ilikaa. Palikuwa na mabango, kamera, na kwaya ya watumishi wa wizara. Machunde aliletwa kwa kiti cha magurudumu ingawa alikuwa na miguu miwili mizima, na sentensi ya kwanza ilikuwa tayari mdomoni mwake. Aliifanyia mazoezi tangu alfajiri. Namkabidhi mwenzangu kitanda. Maneno matatu tu, na ya kweli, na kila moja angeweza kulitamka mtoto.

"Itifaki imezingatiwa," alianza Dokta Dokta Kilongozi. "Shujaa wetu, taifa zima linakutazama. Liambie taifa. Mguu unaendeleaje?"

Machunde alifungua mdomo. Aliziona kamera. Alizifikiria kamera hizo zikimfuata hadi Mavumbini, na watu wakinyoosha vidole, yule ndiye aliyekula kuku wa mgonjwa. Pembeni aliuona msumeno umelazwa juu ya kitambaa cheupe.

"Umepona," alisema.

Ukumbi uliripuka kwa shangwe. Kwaya ilianza kuimba kabla ya kuambiwa. Dokta Dokta Kilongozi alitoa leso, akalia waziwazi, akatangaza kwamba Shangwe imekuwa nchi ya kwanza duniani kulishinda donda ndugu bila kumwaga damu. Machunde alikaa kwenye kiti chake na miguu yake yote miwili, akajichukia kama ambavyo hajawahi kumchukia adui yeyote kule kilimani.

*

Ujumbe ulifika Mavumbini jioni ileile: "Shujaa Lugome, mguu wako umepona rasmi. Tukutane gwarideni."

Kesho yake ilikuwa Siku ya Mashujaa, na mwaka ule gwaride lilifanyika uwanja wa Mavumbini. Machunde aliwekwa jukwaa kuu, mstari wa mbele, na medali mpya ya Uvumilivu Kitandani. Bendi ilipiga, wazee wakaanza kupita. Na katikati ya vumbi akamwona Lugome.

Lugome alikuwa anatembea. Alikuwa amevaa sare yake ya vita, ambayo sasa ingeweza kumtosha na mtu wa pili ndani. Hakuwa na fimbo. Fimbo ilikuwa mkononi mwa Mama Edita, aliyekuwa akitembea kandokando ya gwaride huku akimsihi aishike. Baadaye watu walisimulia kwamba alimwambia mkewe, "Serikali imesema nimepona. Nikienda na fimbo nitakuwa naitukana." Alikuwa anakanyaga mguu ule kwa nguvu, kushoto, kulia, kushoto, na suruali chini ya goti ilikuwa imelowa. Uso wake ulikuwa wa kijivu, lakini ulikuwa unatabasamu, na macho yalikuwa yakimtafuta Afande wake jukwaani.

Machunde alikuwa koplo. Kule kilimani, risasi zikinyesha, alipotoa amri ya "Simama!" Lugome alisimama, na alipotoa amri ya "Lala!" Lugome alilala, na ndiyo sababu alikuwa hai. Amri moja ingetosha. Lugome angesimama palepale katikati ya bendi, mbele ya Wizara nzima, na Mama Edita angemkamata na kumpeleka kwa masista. Machunde alivuta pumzi. Dokta Dokta Kilongozi alimgusa kiwiko na kumnong'oneza, "Mpigie saluti, kamera iko kwako."

Machunde akapiga saluti.

Lugome akairudisha. Akalipita jukwaa, akaipita bendera, akaenda hatua nyingine kidogo, akaanguka kifudifudi.

Watu walidhani ni sehemu ya maonesho, wakapiga makofi. Machunde alisimama ashuke, lakini ofisa wa itifaki akamrudisha kitini. Kwa desturi hakuna anayeshuka jukwaani kabla ya Mgeni Rasmi, na Mgeni Rasmi hakuwa amekuja. Ilibidi wote wakae pale hadi hotuba zilipokwisha. Wanawake wa Mavumbini ndio waliombeba Lugome kwa khanga kuvuka bonde. Alikata roho kabla hawajafika kwa masista.

*

Wizara ilisikitika, ila ilifarijika pia. Dokta Dokta Kilongozi alieleza katika salamu zake kwamba, kwa kuwa marehemu alikuwa amepona, amefariki akiwa na afya njema, na si wengi wanaojaliwa hivyo. Mwenyewe hakuweza kufika maziko kwa sababu ya majukumu. Alimtuma msaidizi wake, msaidizi akamtuma dereva, na dereva, akiogopa kuchafua viatu, akamwomba Koplo Machunde awawakilishe wote.

Basi walipofika makaburini, na jeneza likateremshwa, mshereheshaji wa wizara akatangaza kwa kipaza sauti, na Machunde akainama na kutupa udongo. Akatupa kwa niaba ya Rais. Akatupa kwa niaba ya Waziri. Akatupa kwa niaba ya Mkurugenzi, na ya bodi, na ya wazee wote waliopigana na kutibiwa. Mkono ulikuwa mzito na udongo ulikuwa mkavu, ukigonga mbao kwa sauti aliyotamani asiisikie.

Mshereheshaji alipokuwa anageukia ratiba, Mama Edita alisogea ukingoni mwa kaburi. Hakupaza sauti.

"Shemeji," alisema, "nimeona udongo wa Rais. Nimeona wa Waziri. Wa kwako uko wapi?"

Machunde aliinama, akateka udongo, akasimama nao mkononi asiweze kuuachia. Machozi yalianza kumtoka, na safari hii hakusingizia vumbi.

"Mama Edita," alisema, "mimi ndiye niliyesema amepona. Hakuna aliyenituma. Angeweza kulazwa tangu siku ya kwanza, mgongo wangu ulikuwa mzima, ningembeba. Nilitaka kitanda. Siku ya punda sikumwambia kitu, nilikudanganya wewe. Na juzi jukwaani nilikuwa na nafasi ya kumsimamisha, sikumsimamisha. Nimemuua mimi, Mama Edita. Si mtu mwingine. Mimi."

Kipaza sauti kikakoroma.

"Tunakushukuru sana, Shujaa Machunde," alisema mshereheshaji, "kwa maneno hayo ya unyenyekevu uliyoyatoa kwa niaba ya serikali. Makofi tafadhali."

Wakapiga makofi, wengine huku wakijifuta machozi. Dereva alitikisa kichwa kwa kuridhika. Machunde aliwatazama mmoja mmoja, akisubiri walau mtu wa kumtukana, au kumtupia jiwe, lakini wote walimtazama kwa huruma. Mama Edita peke yake hakupiga makofi. Aliokota beleshi lililokuwa limelazwa kando ya kaburi, akamtia mkononi.

"Fukia," alisema.

Machunde alianza kufukia. Mavumbini wana desturi ya kupokezana, mtu hatupi udongo mara nyingi kabla mwingine hajaja kumgusa bega na kulichukua beleshi, hadi kila mwanamume awe ameshika. Jirani mmoja akaja, akamgusa bega, akanyoosha mkono.

"Mwache," alisema Mama Edita. "Huyo asipokelewe."

Jirani akarudi nyuma. Mwingine aliyekuwa anakuja naye akasimama. Machunde aliendelea kuchota na kutupa, jasho na machozi yakichanganyika mdomoni, viganja vyake laini vya hospitali vikaanza kuchubuka kwenye mpini. Dereva alitazama saa, akaingia garini. Watu nao wakaanza kuondoka kidogo kidogo. Mama Edita alikaa chini kwenye nyasi, akakunja miguu, akawa anamtazama. Udongo ulikuwa bado mwingi.